Johannes Rebmann: Shahidi wa Theluji



Kila aliyesoma shule ya msingi hapa nchini amekutana na jina la Johannes Rebmann. Sisi tuliokulia Temeke, Mbagala au Kinondoni tulilikariri bila kuujua mlima wenyewe: mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, mwaka 1848. Tulijibu mtihani, tukapata alama, tukalisahau. Tulipokua tukaanza kuuliza kwa utani: inakuwaje mtu asifiwe kwa kuuona mlima ambao Wachagga walikuwa wakiuona kila asubuhi walipotoka nje?

Swali hilo ni la haki. Lakini ukiyasoma maisha ya Rebmann unagundua kwamba kisa chake hakihusu sana nani aliuona mlima kwanza. Kinahusu nani anaaminiwa anaposema kweli. Watu wa msafara walimweleza habari za mlima, yeye akaenda kuziona kwa macho yake, akazisema, na wasomi wakubwa wa zama zake wakamcheka. Kwa sisi tunaojiandaa kuwa mashahidi wa Injili, na kwa kila mwanajumuiya anayeulizwa ana hakika gani na anachokiamini, maisha haya yana mengi ya kutufundisha.

Kijana wa Gerlingen

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, kusini mwa Ujerumani ya leo. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha Uingereza, na akatumwa Afrika Mashariki na chama cha kimisionari cha Waanglikana, CMS. Hakuwa Mkatoliki, na hatuna haja ya kumfanya awe. Kweli ikisemwa na ndugu wa nyumba ya jirani hubaki kuwa kweli.

Alifika Mombasa Juni 1846, akiwa na miaka 26. Huko alimkuta mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mke wake na binti yao mchanga. Kwa hiyo Rebmann alijua tangu siku ya kwanza kwamba nchi hii ingeweza kumgharimu. Mwezi Agosti mwaka huohuo wawili hao walihamia Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda nyuma ya Mombasa. Walihama wakiwa wote wawili wamedhoofishwa na homa. Rabai ndiko kulikokuwa makao ya Rebmann karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Habari za msafara

Wakati huo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikienda Uchaggani na kurudi Mombasa. Waliorudi walikuja na habari za mlima mrefu mno. Wengine walisema una fedha juu yake, kwa sababu unang'aa. Wengine walisema una majini wanaowaua wanaoupanda. Liwali wa Mombasa aliposikia kwamba Rebmann anataka kwenda huko, alitoa agizo asipandishwe mlimani, kwa kuwa waliowahi kupanda walikakamaa mikono na miguu, na baruti zao zilikataa kuwaka.

Tuzitazame habari hizo kwa utulivu. Mtu wa kudharau angesema ni ushirikina mtupu, akaziacha. Mtu mwepesi wa kuamini angezimeza zote, pamoja na majini na fedha. Lakini ndani yake mlikuwa na shahada za kweli kabisa: kitu cheupe kinachong'aa, mikono na miguu inayokakamaa. Hayo yote ni maelezo ya baridi kali yaliyotolewa na watu ambao hawakuwahi kuishi na theluji.

Rebmann alizisikiliza. Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka Rabai akiwa na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za Uchaggani. Mmisionari mwenyewe hakujulikana kwa bunduki. Alijulikana kwa mwavuli wake. Safari ilikuwa ya miguu, zaidi ya kilomita 200, kupitia nyika kavu ya Taita, yenye miiba, wanyama wakali na maji ya shida.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei

Wiki mbili baada ya kuondoka, asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, milima ya Uchaggani ilianza kuonekana. Juu ya mmoja wao Rebmann aliona kitu kama wingu jeupe, lakini wingu lile halikusogea. Alimuuliza mwongozaji wake ni nini kile. Mwongozaji hakuwa na jina la kukiita, akamwambia kuwa ni baridi.

Hapo Rebmann akaelewa. Alikuwa amezaliwa kwenye nchi ya theluji, na neno lile moja la mwenyeji wake liliungana na kile alichokijua tangu utotoni. Aliketi chini, akafungua Biblia, akasoma Zaburi ya 111, ile inayosifu matendo makuu ya Bwana. Wasomaji mnaosali Masifu ya Jioni mtaitambua.

Napenda tuliangalie tukio hili kwa makini kidogo. Rebmann peke yake angeweza kudhani ni wingu. Mwongozaji alijua kwamba si wingu na kwamba ni kitu cha baridi, ila hakuwahi kuishi na theluji. Ujuzi wa mmoja ulihitaji ujuzi wa mwingine. Vitabu vya shule vimemwandika mmoja tu, lakini katika uwanda ule kweli ilipatikana kwa watu wawili waliosikilizana.

Msafara uliendelea hadi Kilema, ambako Mangi Masaki alimpokea vizuri. Jina la Kilema si geni kwa msomaji Mkatoliki. Mwaka 1890 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapohapo, na Kilema ikawa chimbuko la Kanisa Katoliki katika Kilimanjaro.

Rebmann alirudi Uchaggani mara mbili zaidi. Katika safari ya pili, iliyoanza Novemba 1848, alifika Machame kwa Mangi Mamkinga. Huko alisimuliwa kwamba Rungua, baba yake Mamkinga, aliwahi kutuma watu wapande mlima wakachunguze ile kitu nyeupe. Alirudi mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo miaka mingi kabla ya mzungu yeyote kufika, Wachagga walikuwa wamekwisha kufanya uchunguzi wao na kuulipia kwa maisha ya watu. Rebmann aliandika habari hiyo, na ndiyo sababu jina la Sabaya limetufikia.

Safari ya tatu, mwaka 1849, ilikuwa chungu. Alikusudia kupita Uchaggani hadi Unyamwezi, lakini Mamkinga alimtoza zawadi mpaka bidhaa zilizokuwa za njia ndefu zikaisha. Aliondoka mikono mitupu na mgonjwa, na hakufika tena mlimani.

Kicheko cha London

Habari za mlima wenye theluji karibu na Ikweta zilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la chama chake huko London. Desemba mwaka huohuo Krapf naye, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya na kilele chake cheupe. Mtu angetegemea furaha. Badala yake kilikuja kicheko.

Aliyeongoza kicheko hicho ni William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyeheshimika sana, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Kwake theluji katika nchi ya joto kiasi hicho ilikuwa jambo lisilowezekana, na mmisionari yule alikuwa mtu wa kuona vibaya na kuwaza sana. Alishikilia msimamo huo kwa miaka mingi, hata ushahidi mwingine ulipokuja.

Sisi tunaosoma falsafa tunaweza kuiweka hoja hiyo katika muundo wake. Kwenye Ikweta kuna joto. Theluji haikai penye joto. Basi kwenye Ikweta hakuna theluji. Umbo la hoja linapendeza, lakini kauli ya kwanza imesahau urefu. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000. Ukianza na joto la Dar es Salaam na kupanda hadi karibu mita 5,900, hesabu inakupeleka chini ya sifuri. Tena mfano ulikuwepo tayari: Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo, mlima wa theluji ulio karibu kabisa na Ikweta huko Amerika ya Kusini, mwaka 1802. Cooley hakukosa akili wala vitabu. Alichokosa ni utayari wa kusikia.

Kuna jambo lingine linalofurahisha na kutisha pia. Mwaka 1748, miaka 100 kamili kabla ya Rebmann kuiona Kibo, mwanafalsafa David Hume aliandika kuhusu mwana wa mfalme wa India aliyekataa kusadiki habari za maji kuganda kwa baridi, kwa kuwa hajawahi kuona kitu cha namna hiyo. Katika mfano huo wa Hume mtu wa nchi ya joto ndiye asiyeweza kuamini habari za watu wa nchi ya baridi. Karne moja baadaye mfano uligeuka: mtu aliyezoea theluji mlangoni kwake ndiye aliyekataa kuamini kwamba ipo kwetu. Uzoefu wetu ni mwalimu mzuri, lakini tukiufanya mipaka ya dunia unatufunga macho.

Waliofuata njia

Rebmann hakuupanda mlima. Aliishia miguuni pake. Waliofuata ndio waliopanda hatua kwa hatua. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda kiasi, na mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten, wakafika zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia usiku. Mwaka 1871 mmisionari Charles New, aliyeishi Ribe, jirani na Rabai, aliigusa theluji kwa mikono yake akiwa na msaidizi wake Tofiki. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni.

Siri ya Meyer ilikuwa kambi. Alikuwa ameshindwa hapo awali, akajifunza kwamba mlima huu haushindwi kwa mbio moja. Aliweka kambi ya juu kwenye kiasi cha mita 4,300, na watu wakawa wakipanda na kushuka kutoka Marangu kumletea chakula. Katika kambi ile ya baridi alibaki mtu mmoja wa pwani yetu, Mwini Amani wa Pangani, akilinda na kuandaa, wakati wazungu wawili wakijaribu kilele.

Hadi leo njia ya Marangu inafuata mantiki hiyo. Unalala Mandara, kwenye takriban mita 2,700; kisha Horombo, takriban mita 3,700; kisha Kibo, takriban mita 4,700. Kambi ya Kibo ni ya mawe na vumbi, hakuna mti wala chemchemi, na maji hubebwa na wapagazi kutoka chini. Hapo mtu hupumzika saa chache, halafu usiku wa manane huanza kupanda kuelekea kilele cha mita 5,895. Wanaokimbia siku za kwanza ndio wanaorudishwa wakiumwa kichwa na kutapika. Wanaokwenda polepole, wakinywa maji na kumtii mwongozaji, ndio wanaofika.

Vijana wa parokia zetu za Dar es Salaam wanaochangishana nauli ya basi kwenda Moshi huniuliza kama ni lazima kufika kileleni. Huwa nawakumbusha kwamba mtu ambaye jina lake limefungamana zaidi na mlima huu hakufika hata Mandara. Alifika mahali alipojaliwa kufika, akasema alichokiona, na waliomfuata wakajenga kambi zao juu ya neno lake.

Miaka ya Rabai

Baada ya mwaka 1849 maisha ya Rebmann yalikuwa ya kimya. Mwaka 1851 alimwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa Misri. Mtoto wao wa pekee alifariki siku chache tu baada ya kuzaliwa. Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya, Rebmann alibaki. Mwaka 1866 Emma naye akafa. Rebmann akabaki.

Alifanya kazi ya lugha: Kiswahili, Kirabai, na Kinyasa, ambacho alifundishwa na Salimini, mtumwa aliyechukuliwa kutoka upande wa Malawi ya leo. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877, yeye akiwa amekwisha kufa. Pamoja na mwenzake Jakob Erhardt alitoa pia ramani ya bara, iliyochorwa kwa habari za watu wa misafara. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno. Hapo walikosea, kwa kuwa maziwa ni zaidi ya moja na hawakwenda wenyewe kuhakiki. Lakini ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke mwaka 1857, na safari hiyo ikasahihisha ramani. Ushuhuda wa kusikia unahitaji miguu ya kuufuata. Rebmann alikuwa na miguu ya mlima, hakuwa na miguu ya ziwa.

Waongofu wake walikuwa wa kuhesabika. Mtu akipima utume kwa idadi, angesema miaka ile ilipotea.

Halafu macho yakaanza kufifia. Mtu aliyetuhumiwa London kwamba ameona vibaya alipoteza uwezo wa kuona kweli, hukohuko Rabai, hata akawa karibu kipofu kabisa. Aliondoka Afrika mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Aliyemwongoza njiani ni mwana wa Rabai, Isaac Nyondo. Mwaka 1848 Bwana Kheri alimwongoza kwenda kuona. Mwaka 1875 Nyondo alimwongoza akiwa haoni. Katika safari zote mbili alimwegemea Mwafrika.

Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876, siku tunayomkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Alikuwa na miaka 56.

Tunajifunza nini?

Mtakatifu Augustino anaeleza katika Maungamo yake jinsi alivyotambua kwamba mambo mengi mno aliyokuwa na hakika nayo hakuyaona kamwe: miji ambayo hajafika, matukio ya kale, hata wazazi wake ni nani. Aliyaamini kwa neno la wengine. Ndivyo tulivyo. Watu wengi wa Temeke hawajaiona theluji ya Kibo, lakini hakuna anayeitilia shaka. Tunaishi kwa shahada.

Ndiyo maana shahada inaweza kutuponza. Katika makundi ya simu ya jumuiya zetu kila siku zinaingia habari: maji ya kuponya kila ugonjwa, mafuta ya kufungua riziki, mtu fulani amefufuka mahali fulani. Wapo wanaoamini zote, wakatoa na pesa ya ada ya mtoto. Wapo pia waliochoka kudanganywa, wakaamua kutoamini chochote, hata padre akihubiri Ufufuko wanatabasamu tu. Wa kwanza wamemeza majini na fedha pamoja na theluji. Wa pili wamekaa na Cooley.

Rebmann alipita njia nyingine, na ni ya taabu zaidi. Alisikiliza bila dharau, akatembea kwenda kuona, akauliza wenyeji, akasema kadiri alivyoona. Alipochekwa hakuongeza chumvi ili aaminiwe, wala hakukana ili apewe heshima. Alirudi kwenye kazi yake. Miaka 13 baadaye wengine walianza kumthibitisha, naye alikuwa bado Rabai, akiandika kamusi.

Kwa sisi mafrateri kuna neno moja zaidi. Siku moja, Mungu akipenda, tutapelekwa parokiani tukiwa na shahada za falsafa na teolojia. Kwenye kigango cha Chamazi au jumuiya ya Tandika atakuwepo bibi asiyejua neno la kitaalamu la kile anachokiona katika maisha ya watu wake. Ataita tu baridi. Tukimdharau kwa sababu hana jina sahihi, tutabaki na hoja zetu nzuri zisizo na mlima. Tukiketi naye na kuuliza, huenda tukatambua kwamba anatuonyesha kitu tulichokisoma miaka mingi bila kukiona.